Siku ya sumaku, darasa la tatu

Saa 11:30 alfajiri. Julai ya Mbeya, maji ya bomba yanachoma vidole. Nakunywa chai ya moto, natia begini sumaku saba. Nilizipata Mwanjelwa kwa fundi redio, kutoka kwenye spika zilizoungua. "Chukua tu, mwalimu, zilikuwa zinajaza meza."

Saa 2:00. Paredi, mahudhurio. Wapo 68.

Saa 2:40. Sayansi. Mwaka jana mada hii niliifundisha kwa kuchora sumaku ubaoni. Kwenye mtihani karibu wote waliandika "sumaku huvuta chuma", nikawapa vema. Wiki iliyofuata binti mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sumaku ikikushika inauma?" Kumbe vema nilimpa, sumaku hajawahi kuishika. Swali lile halijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii chaki nimeiacha mezani. Vikundi saba, kila kimoja na msumari, kizibo cha soda, kipande cha sufuria, kijiti na jiwe. Kila mtoto abashiri kwanza ndipo aguse. Wengi waliapa sufuria itanasa kwa kuwa inang'aa. Haikunasa. Wakaigeuza, wakaisugua kwenye sweta, wakajaribu tena. Hapo ndipo pagumu kwangu, kunyamaza huku jibu ninalo mdomoni. Mwisho mmoja akasema, "Hiki siyo chuma kama cha msumari." Ndipo nikawapa neno aluminiamu.

Saa 4:30. Uji.

Saa 5:00. Tumeshuka mferejini, kwenye mchanga ulioachwa na mvua. Nimewaonyesha kuivisha sumaku nailoni ya mkate, maana bila hiyo chembe hazibanduki. Wakaburuta. Ikainuka na ndevu nyeusi zimesimama wima, ukipuliza zinatikisika. Ukiichomoa sumaku, ndevu zinamwagika karatasini.

"Mwalimu, mchanga una chuma!"

Nikawaeleza kuwa huku kwetu udongo mwingi umetokana na volkano kama Rungwe. Mawe yake yana madini ya chuma, yakimomonyoka maji hubeba chembe nyepesi, hizi nzito zikabaki. Nikawatajia Kimondo cha Mbozi, chuma kilichotoka angani, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Papo hapo: sumaku ya spika itakishika? Sikujibu. Nitaomba ziara kwa mwalimu mkuu.

Saa 9:00. Madaftari 68.

Saa 10:30. Nahesabu sumaku, zipo sita. Nimerudia begi lote.

Saa 12:00 jioni. Hodi mlangoni. Ni mtoto wa jirani, wa darasa langu, viganja vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mwalimu. Nisamehe, nilienda nayo."

"Marahaba. Uliipeleka wapi?"

Akanyoosha kikaratasi. Chembe nyeusi, kidogo tu. Alikuwa amekwangua ukuta wa jiko lao la matofali ya udongo.

"Hata nyumbani zipo. Sasa kwa nini sumaku haigandi ukutani?"

Nikampisha aingie, nikasogeza taa karibu na meza.