Moja, tatu, nne, mbili

"Mama, kwani hawa hawakuweka injini?"

Ni swali la mwanangu wa mwisho hilo, Jumamosi, kando ya barabara pale njia panda ya Gede, boneti iko juu na mimi nimeinama kama ninayejua ninachokitafuta. Gari langu la kila siku halijawahi kunisumbua tangu litoke bandarini. Siku hiyo lilizima lenyewe bila kukohoa. Nafungua boneti, nakutana na bamba jeusi la plastiki lenye maandishi. Mtoto huyu amekulia mbele ya kabati langu la vigari vya plastiki ninavyoviunda kutoka kwenye maboksi ya vipande, na sasa mnaniuliza nimefika wapi na cha Peugeot 504. Anajua kuna vigari vya bei ya juu ambavyo ukifungua boneti unakuta injini nzima na mipira yake, na kuna vile vya bei nafuu ambavyo boneti haifunguki kabisa kwa sababu ndani hamna kitu. Kwa hiyo hakuwa akitania. Aliuliza kwa huruma, akidhani mamake ameuziwa boksi la bei nafuu.

Fundi alikuja kwa bodaboda, kifaa chake kiko kwenye mfuko wa shati. Akakichomeka chini ya usukani, akatazama simu, akasema, "P0335."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sensa ya krenkishafti, mama."

Kumbe pale kuna kidude kinachohesabu meno ya gurudumu linalozunguka na krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ili kompyuta ijue pistoni zimefika wapi. Kikinyamaza, kompyuta haitoi moto wala petroli, na gari zima linageuka kuwa mzigo. Baada ya adhuhuri akarudi na kingine, akakifunga kwa boliti, gari likawaka. Akapokea pesa zake, akashika simu, akaondoka. Mikono yake haikuwa na hata tone la oili.

Mimi niliitazama sana ile mikono. Ya Mjomba haikutakata hata siku ya Idi. Kucha zilikuwa na mistari myeusi, na mamangu hakuacha kulalamika kwamba ndugu yake anakula pilau kwa oili ya gia.

Mjomba alikuwa na Peugeot 504 ya safu tatu, ikibeba abiria baina ya Malindi na Mombasa. Gia iko kwenye usukani, nyuma ina springi mbili za koili kila upande, na ukiisikia ikija unaijua kabla hujaiona. Barazani alikuwa haishiwi. Atakutajia Bert Shankland aliyekuja kutoka Tanzania akashinda mbio za magari za Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na akarudia 1967. Atakwambia Ove Andersson, 1975, kwa 504. Atakwambia Jean-Pierre Nicolas, 1978, na hapo atanyamaza kidogo, maana ile ilikuwa kupe, gari la milango miwili, yenye injini ya V6, silinda sita, na yeye hakuwa na uhakika kama inahesabika kuwa ni jamaa ya gari lake.

Gari hilo ndilo gari la kwanza nililoliunda. Shuleni tuliambiwa wasichana tusuke vikapu, wavulana walete vitu vya waya. Nikaleta cha waya. Bodi ilikuwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, matairi niliyakata kwenye ndara kuukuu nikayasugua juu ya jiwe mpaka yakawa duara, na viti vilikuwa viberiti vitupu, safu tatu, kwa sababu gari la Mjomba lilikuwa na safu tatu na nisingekubali pungufu. Mwalimu alinipa alama za katikati. Nikalitia kwenye mfuko likizo ya Agosti, nikapanda na Mjomba kwenda kwa mama mdogo, Kibokoni, Mombasa, ili watoto wa mjini wanione.

Vijana mnaopita Kilifi leo kwa dakika mbili hamtaelewa. Daraja lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo ulikuwa unateremka mpaka majini, unazima gari, unangoja feri irudi kutoka Mnarani, ng'ambo ya pili. Foleni ilikuwa na maisha yake: korosho kwenye vikaratasi, watoto wa madafu, watu wanaoshuka kunyoosha miguu na kuulizana habari za ukoo. Mjomba alizima injini kuokoa petroli. Feri ikaja, magari ya mbele yakaanza kuingia, akapiga stata. Ikazunguka. Akapiga tena. Ikazunguka vizuri kabisa, na injini isishike.

Nyuma honi zikaanza. Wanaume wakashuka wakalisukuma gari pembeni, feri ikajaa, ikaenda. Mle garini kulikuwa na mzee wa kanzu aliyekuwa na kesi ya shamba mjini, na bibi mmoja wa buibui mwenye kikapu cha kuku wawili waliofungwa miguu. Hao wawili ndio ninaowakumbuka. Wengine wamebaki makelele tu.

"Binti, njoo ushike tochi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Agosti, lakini chini ya boneti kuna vipembe ambavyo jua haliingii. Nikapanda juu ya bampa. Akachomoa waya wa koili, ile inayokuza umeme wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akamwambia dereva mmoja wa nyuma apige stata. Hakuna cheche. "Petroli ipo," akasema. "Moto ndio haupo." Akaanza kuchomoa nyaya za plagi kwenye distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa kila plagi.

"Sema."

"Moja, tatu, nne, mbili."

Huo ndio mpangilio wa kuwaka wa injini ile, silinda ya kwanza, kisha ya tatu, ya nne, ya pili. Alikuwa amenikaririsha kama aya ya chuo tangu sijajua kuzidisha. Yeye hakuwa akiweka alama kwenye nyaya. Alikuwa akiniweka mimi.

Akafyatua vibanio viwili, kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na harufu ya umeme na vumbi, rota ya kahawia katikati, na chini yake pointi: vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kila injini ikizunguka. Upenyo wake hauzidi nusu milimita. Gari zima lile, na kuku wake, na kesi ya shamba, linasimama juu ya upenyo huo. Mjomba akazitazama, akafyonza. Zimeungua.

"Lete gari lako."

Nilidhani ananiambia nikacheze pembeni. Nikaleta. Akaligeuza chali, akang'oa kiti cha nyuma, akachana ule upande wa kiberiti wa kuwashia, akaukunja, akaupitisha baina ya pointi, mbele nyuma, mbele nyuma, akapuliza. Vikang'aa. Stata. Hakuna.

Hapo ndipo alipotulia. Akazitenganisha pointi kwa ncha ya bisibisi, akatazama, akazirudisha, akatazama tena. Kisha akanivuta kichwa kwa mkono wake wa oili mpaka pua yangu ikakaribia kugusa chuma. "Waona ule ufa?" Palikuwa na kipande cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichokuwa kinazuia umeme usimwagike kwenye bodi. Kimepasuka. Umeme ulikuwa ukifika pale na kuzama kwenye chuma. Kosa halikuwa la Mfaransa aliyeliunda gari. Pointi zile alizinunua wiki iliyopita kwa mtu, za bei poa, na mtu huyo alilaaniwa pale majini kwa majina ambayo bibi wa kuku aliziba masikio.

Akaomba wembe. Mzee wa kanzu alikuwa nao kwenye mkoba. Akaomba pini. Bibi akaichomoa kwenye buibui lake. Kisha akalichukua gari langu kwa mara ya pili, na safari hii nilijua. Akakata kipande kwenye tairi la mbele, kushoto. Akakitoboa kwa pini, akakipunguza kwa wembe, akakijaribu, akakipunguza tena, ulimi umetoka nje pembeni mwa mdomo. Watu wamejazana mpaka nikawa sipumui. Akakipachika. Akarudisha kifuniko. Sikuambiwa niseme, nikasema mwenyewe, na kila namba niliyoitaja waya ukaenda mahali pake.

"Haya, washa."

Mimi. Miguu haifiki kwenye pedali, lakini ufunguo naufikia. Ikashika mara ya kwanza. Mzee akasema mashallah. Bibi wa kuku akauliza, bila kunitazama, "Na huyu ni wa kike?" Mjomba akajibu, "Ndiye fundi wangu," na mimi nilikuwa nimeshikilia kigari chenye matairi matatu na safu mbili za viti, najivuna huku nalia. Alininunulia korosho. Nilizila zote na sikumsamehe.

Hadithi hii nimeisimulia sana, na kila nikiisimulia huwa naiishia hapo hapo. Watu wanapenda. Wanasema zamani magari yalikuwa magari, leo ni kompyuta zenye matairi, sensa ikifa wewe umekwisha. Nami nilikuwa naitikia. Lakini pale Gede, nikiwa namngojea fundi, nilikumbuka sehemu ya pili, ambayo hata mimi huiruka: tulipofika Mtwapa gari lilizima tena. Mpira wa ndara na joto la injini havipatani, ukasinyaa. Abiria wakashuka na vikapu vyao, wakapanda matatu. Mjomba akaenda mjini kutafuta pointi za haki, na mimi nikabaki kulinda gari mpaka jua likapinda.

Basi, tukihesabu kwa haki. Pointi zile zilitaka kurekebishwa kila baada ya kilomita elfu chache. Plagi zilitolewa, zikasuguliwa, zikarudishwa. Leo plagi za iridiamu zinakwenda kilomita 100,000, kila silinda ina koili yake juu ya kichwa chake, distribyuta haipo, na hakuna mtoto anayehitajika kukariri chochote. Nimeendesha miaka na miaka bila wembe garini. Mjomba hakuvuka wiki mbili bila kulala chini ya gari lake. Ukiniuliza ni lipi nipande usiku na mtoto mgonjwa, sitafikiria hata dakika.

Na bado. Yule fundi wa Gede alikuwa mstaarabu, lakini hakuniita nitazame kitu. Hapakuwa na cha kutazama. Sensa iliyokufa na sensa nzima zinafanana, niliziweka mbili kiganjani nikazigeuzageuza. Labda ndiyo sababu watu wazima wenye kazi zao tunakaa usiku na msasa na gundi, tukiunganisha vijipande vya plastiki. Labda si hivyo, labda ni uzee tu, kama anavyosema mume wangu.

Mnaouliza niko wapi na kigari cha 504: bodi imekamilika. Boksi la safu tatu sikulipata, kwa hiyo nalijenga mwenyewe kwa karatasi za plastiki, kipimo cha 1/24. Lile la kweli lilikuwa kama mita 4.8, kwa hiyo langu lina sentimita 20 kamili, hesabu iliyonifurahisha kupita kiasi. Rangi ya kwanza ilifanya ukungu mweupe, hewa yetu hii ya unyevu haitaki kupulizwa rangi ya kopo, nikaikwangua nikangoja siku kavu. Sasa niko kwenye nyaya za plagi. Nazitoa kwenye waya wa chaja iliyokufa, nyuzi za shaba nyembamba hivi kwamba nikipumua vibaya zinapotea. Moja, tatu, nne, mbili. Mwanangu ananiuliza ni nani atakayejua nikikosea mpangilio. Nikamwambia yuko mmoja.

Nikampigia huyo mmoja. Macho yamepungua, sauti ipo. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, fundi." Nikamweleza ninachokijenga, akafurahi, akanitajia Andersson na 1975 kana kwamba sijawahi kusikia. Nikamkumbusha Kilifi, akacheka mpaka akakohoa, akakumbuka wembe, akakumbuka pini ya buibui. Nikamwuliza, na Mtwapa je?

"Mtwapa tulifanya nini?"

"Gari lilizima tena, Mjomba."

"Halikuzima. Tulisimama kunywa madafu."

Madafu tulikunywa, ni kweli. Nikamwuliza, sasa abiria mbona walishuka na vikapu vyao?

"Watu wa zamani," akasema Mjomba, "hawakuwa wakiacha vikapu garini."