Betri ya simu ya mama: nilipofikia kwenye vipimo

Simu ya mama ina miaka minne sasa. Mwezi uliopita ilianza kuzimika ghafla ikiwa na asilimia 28, na mara nyingi ni pale anapotaka kupiga picha. "Mwanangu, hii simu inaniaibisha mbele za watu," aliniambia. Sikutaka kukimbilia kununua betri kabla ya kujua tatizo liko wapi, nikachukua daftari nikaanza kupima.

Siku ya 1. Mipangilio ya simu inasema hali ya betri ni "Nzuri". Neno hilo lisikutulize. Kwenye Android mara nyingi lina maana tu kwamba betri haijapata joto kupita kiasi na volti zake hazijavuka mpaka. Kuhusu chaji inayoweza kubeba, halisemi kitu. Nikatoa kava, nikailaza simu juu ya kioo cha meza na kuibonyeza pembe kwa pembe. Imetulia, mgongo haujavimba. Ingekuwa imevimba ningeishia hapo, kwa sababu betri ya namna hiyo haichajiwi tena.

Siku ya 2. Nilichaji hadi 100, nikaiunganisha na kompyuta na, kupitia adb (programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta), nikaandika amri ya adb shell dumpsys battery. Mistari mingi ilitokea, lakini niliokuwa nautafuta ni huu, wa kihesabu chaji: charge counter: 3012000. Hizo ni mikroampea-saa, kwa hiyo ukiondoa sifuri tatu unabaki na 3,012 mAh (miliampea-saa, kiasi cha chaji kilichomo kwenye betri). Betri ilitoka kiwandani na 4,000. Imebaki asilimia 75. Joto lilisomeka 312, yaani nyuzi 31.2, na hapo sina wasiwasi.

Siku ya 4. Sikupenda kuiamini namba moja. Niliacha simu iishe chaji kabisa, nikaichaji ikiwa imezimwa kupitia kile kipimo kidogo cha USB kinachokaa kati ya chaja na kebo. Kilisoma 2,720 mAh, sawa na asilimia 68. Nilishtuka, kisha nikagundua kosa langu. Kipimo kinahesabu kwa volti 5 za chaja, ilhali betri ni ya volti 3.85, kwa hiyo mAh za huku na za kule hazilinganishwi. Unalinganisha nishati. Kipimo kilikuwa na 13.6 Wh (wati-saa, yaani nishati). Nikakadiria kuwa asilimia 15 hivi hupotea njiani kama joto, ikabaki karibu 11.6 Wh. Gawanya kwa 3.85 upate kama 3,000 mAh. Njia mbili tofauti, jibu karibu lile lile. Nilifurahi sana usiku ule.

Siku ya 6. Lakini kupungua kwa robo hakuelezi kuzimika. Betri iliyopungua ingeisha mapema tu, isingekata kwenye 28. Nikaunganisha adb kwa Wi-Fi, maana kebo ikiwepo simu inasaidiwa na umeme wa kompyuta. Chaji ilikuwa asilimia 30, simu imetulia, volti 3.64. Nikafungua kamera, nikawasha tochi na kurekodi video huku nikisoma volti kila baada ya sekunde chache: 3.52, 3.45, 3.38. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani (ugumu wa umeme kupita) hupanda. Simu ikidai umeme mwingi kwa mpigo, volti zinaporomoka hata kama chaji bado ipo, na simu hujizima ili kujilinda. Mama alikuwa sahihi kabisa aliposema ni kamera.

Siku ya 11. Betri mpya imewekwa. Nilichaji hadi 100, charge counter ikasoma 3,012 vile vile! Kwenye simu hii kinachohesabu chaji kipo kwenye ubao wa saketi wa simu, si ndani ya betri, na kilikuwa bado kinakumbuka betri ya zamani. Nilimwomba mama aitumie hadi iishe, kisha aichaji mfululizo bila kuichomoa.

Siku ya 13. 3,890 mAh. Kamera ikiwa wazi na tochi ikiwaka, chaji asilimia 30, volti hazikushuka chini ya 3.61. Mama amerekodi video ya dakika nane, na simu haikuzimika.