Kadi Mbili za Njano: Siku Moja Malindi Kabla ya Safari ya Zambia

Saa 11:00 alfajiri. Niliamka mwadhini akiwa bado anaadhini, katika chumba cha uani nilichopewa na rafiki yangu hapa Shela, Malindi, ambako leo natimiza siku ya tisa. Sikupanga kukaa muda wote huu. Nilichanjwa homa ya manjano Mombasa kwa ajili ya safari ya pikipiki kwenda Zambia, na cheti cha chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Rafiki yangu aliposikia akasema kwamba kama ni kungoja, nikangojee kwake, kwa kuwa karakana yake ya useremala ilihitaji mikono. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nilikabidhiwa randa siku ya pili.

Saa 12:00. Nilifunga mzigo wote kana kwamba ndiyo naondoka, nikashika barabara ya kaskazini, nikavuka daraja la mto Sabaki hadi Mambrui. Pikipiki yangu ni ya CC 150, ile ile ambayo wenzangu hubebea abiria na magunia ya makaa, kwa hiyo sikutarajia matata. Injini haikuwa na neno; lililonitia hofu ni usukani. Mwendo ulipofika kilomita 60 kwa saa ulianza kutetemeka, na gurudumu la mbele likawa jepesi, kama mtu anayetembea kwa visigino. Sanduku la spana, tyubu za akiba na jiko la mafuta ya taa nilikuwa nimevifunga mwisho kabisa wa keria, nyuma ya ekseli, na uzito ukikaa huko huinua mbele. Nikasimama chini ya mwembe, nikafungua kamba zote, nikahamishia spana kwenye mfuko unaolala juu ya tangi. Wakati wa kurudi usukani ulitulia. Jiko nimeliacha kabisa: kutoka hapa hadi Livingstone, kusini mwa Zambia, ni karibu kilomita 3,000, na sijawahi kuona barabara kuu isiyo na mtu anayeuza chai.

Saa 2:00 hadi saa 7:00. Kazi. Tulimaliza kitanda cha mwarobaini, na ujira wangu nikaukata moja kwa moja uwe pesa ya mafuta.

Saa 8:00. Baada ya wali wa nazi na papa nilikwenda gereji. Fundi alinikuta nimeinama nikiikaza cheni, akanizuia. "Kaka, cheni haipimwi pikipiki ikiwa tupu," alisema, akaniamuru nifunge mzigo na kuketi. Ni kweli: uzito unapoibonyeza pikipiki, gurudumu la nyuma hupanda na cheni hujivuta, na ile niliyoiona legevu kumbe ingekaza mno njiani hadi ikaharibu beringi. Akailegeza kidogo. Breki za nyuma alizibadilisha bila mjadala. Tulibishana juu ya sproketi tu, ile duara ya meno inayozungushwa na cheni, kwani yeye alitaka kunifungia kubwa zaidi nyuma ili nipande mlima Kitonga, kule Iringa, bila kuchoka nyuma ya malori. Nilikataa. Kitonga ni sehemu fupi ya safari, ilhali baada ya Tunduma, mpaka wa Tanzania na Zambia, kuna masafa marefu ambako vituo vya mafuta vimeachana, na injini ndogo inayozungushwa sana kutwa nzima hunywa mafuta. Hakuridhika, wala sidhani kama ataridhika.

Saa 10:00. Kwa wakala wa bima nilichukua Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kadi hii ni nyongeza juu ya bima ya nyumbani, na kazi yake ni kumlipa mtu nitakayemdhuru katika nchi za watu. Pikipiki yangu ikiibwa, au nikigonga pundamilia pale barabara kuu inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, hasara ni yangu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi hii, kwa hiyo karatasi moja inanitosha kuanzia Horohoro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hadi Zambia. Niliipokea, nikashukuru, nikaikunja bila kuisoma.

Saa 1:30 usiku. Tukiwa barazani shemeji aliuliza kwa nini nina kadi mbili za njano, nami nikaeleza kwamba moja ni ya mwili na nyingine ni ya pikipiki. Ile ya mwili, tangu mwaka 2016, hudumu maisha yote. Mama wa rafiki yangu, aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi, alivaa miwani na kuanza kulinganisha karatasi zangu kama anayesahihisha madaftari.

"Mwanangu, hebu njoo uone. Kwenye hati ya umiliki hapa ni nane. Huku kwenye kadi ya bima wameandika sita."

Ilikuwa namba ya chesisi. Nilichukua tochi nikaipangusa shingo ya fremu, nayo ilisema nane. Karatasi iliyokosewa tarakimu moja humfanya afisa wa mpakani aone pikipiki mbili, moja iliyo mbele yake na nyingine yenye bima. Nilimpigia wakala, simu haikupokelewa.

Saa 4:00. Nimeziweka hati zote ndani ya mfuko wa plastiki, isipokuwa kadi hiyo ya bima, ambayo imelala juu ya kofia yangu ya pikipiki ili nisiondoke bila kuiona. Saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa wakala, na safari hii Mama amesema tutakwenda naye.