Mawe Meusi Chini ya Lami

Siku hizi mawazo yangu yote yako kwenye mawe. Si ya thamani. Ni mawe yaliyopasuka kwa moto, yaliyochanganyika na makaa, ambayo wajenzi wa barabara hapa Ayalandi huyakuta wanapokwangua udongo wa juu kwenye mabonde yenye majimaji. Wenyeji huita rundo la aina hiyo fulacht fia. Marundo yanayojulikana nchini yanapindukia 7,000, na mengi ni ya Zama za Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Watu walichimba shimo karibu na kijito, pengine wakalijengea mbao ndani, na maji yakajikusanya humo. Pembeni walikoka moto, wakachoma mawe hadi yakaiva, kisha wakayatumbukiza majini moja baada ya jingine. Maji yakachemka bila chungu. Jiwe lililopasuka halikufaa tena, likatupwa kando, na taka hizo zikazidi kupanda hadi zikalizunguka shimo kama mwezi mwandamo.

Mawe hayakuokotwa ovyo, na hapo ndipo heshima yangu kwa watu hao ilipoanzia. Palipopatikana jiwe la mchanga, walilipendelea kuliko jiwe la chokaa. Sisi tuliokulia pwani sababu tunaijua: tumeona matumbawe, ambayo nayo ni chokaa, yakichomwa tanuuni, na yanavyotokota yakimwagiwa maji. Jiwe la chokaa lingewaharibia chakula.

Kama kilikuwa chakula. Miaka ya 1950, mwanaakiolojia Profesa M. J. O'Kelly alijaribu kupika hivyo huko Ballyvourney, wilaya ya Cork. Lita kama 450 za maji zilichemka kwa takriban nusu saa, na paja la kondoo la kilo nne na nusu, lililofungwa kwa majani makavu, likaiva kwa chini ya saa nne. Lakini mifupa ni haba kwenye marundo haya, kwa hiyo wengine wanasema watu waliogea humo, au walitia nguo rangi, au walilainisha ngozi. Mwaka 2007 wanaakiolojia wawili wa Galway walipika pombe ya shayiri kwa njia hiyo hiyo, na ikanyweka. Mimi sioni kwa nini tulazimishe jibu moja. Mwenye maji ya moto mengi kiasi hicho, kazi hazimwishii.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Wanaakiolojia hutangulia mitambo, huchimba, huchora, hupiga picha, hupeleka makaa maabara kupimwa umri, halafu lami inapita. Nakubali kwamba bila barabara hizo mengi yasingeonekana kabisa. Hata hivyo, ripoti husomwa na wachache, na barabara hupitwa na maelfu. Ningependa kila palipofukuliwa rundo pasimikwe kibao kando ya njia, chenye jina la bonde na umri wa makaa yake, kwa herufi ambazo hata abiria wa basi anaweza kuzisoma.