Hewa inaingia wapi?

Leo nimemaliza kufunga bomba la kutolea hewa kwenye boksi langu la kupulizia rangi, lile lililo wazi mbele lenye feni ya kuvuta hewa chafu, na nina furaha sana. Sisi wa vimodeli vya ndege na vifaru tunaongea kompresa, tunaongea eabrashi (kile kikalamu cha kupulizia rangi kwa hewa), tunabishana rangi ya aina gani inakaa vizuri kwenye plastiki, alafu suala la hewa linakuja mwisho kabisa, wakati mapafu hayana spea.

Kilichonikaa kichwani kipindi hiki chote ni kwamba watu wanauliza feni ina nguvu kiasi gani, hawaulizi hewa ya kuchukua nafasi ya ile inayotoka itapita wapi. Feni inatoa kile tu ambacho chumba kinaipa. Ukifunga mlango na madirisha yote ukawasha feni kubwa, mvuto unashuka, inabaki kelele tu, na hewa kidogo inayopatikana inatafuta upenyo wowote ule. Kama ndani ya nyumba kuna hita ya maji au kifaa kingine cha gesi chenye bomba lake la moshi, feni inaweza kuurudisha ule moshi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kwahiyo mimi kwanza nimehangaika na njia ya kuingilia. Mlango ulio nyuma ya kiti changu nauacha wazi kidogo, hewa inapita nyuma yangu inaelekea kwenye boksi. Isije kwa ubavuni, maana upepo unaokatiza mbele ya mdomo wa boksi unakokota vumbi la rangi na kulirudisha usoni kwako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wengi wanalenga hewa iingie mdomoni mwa boksi kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Mdomo wa sentimita 50 kwa 40 ni mita za mraba 0.2, zidisha kwa 0.5 unapata mita za ujazo 0.1 kwa sekunde, yaani 360 kwa saa. Ila namba iliyoandikwa kwenye feni mara nyingi imepimwa ikiwa haina kitu mbele wala nyuma, ukishaweka filta, bomba na kona inashuka, tena inaweza kushuka sana, kwahiyo chukua yenye uwezo zaidi ya hesabu yako. Na feni zile bapa za kompyuta sizipendi kwa kazi hii, zinasukuma vizuri kwenye uwazi lakini zikikutana na filta zinachoka, ile ya gurudumu la mapanga ndani ya kasha inavumilia zaidi.

Bomba nalo lina maneno yake. La milimita 150 lina nafasi ya ndani mara 2.25 ya lile la 100, tofauti ambayo kwa macho huioni. Lile la kukunjika lenye mikunjo ndani linapunguza hewa hasa ukiliacha limelegea, livute linyooke, likate liwe fupi, kona ziwe chache na za mzunguko mpana. Mimi nimelitolea dirishani kupitia kipande cha plaiwudi nilichokata tundu, nikaziba pembeni kote, na huko nje nikahakikisha halitazami dirisha la mtu mwingine.

Alafu mota. Rangi za laka na thina zake mvuke wake unashika moto, sasa mota ya brashi, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani yake, inayotoa cheche kukaa katikati ya hiyo hewa siitaki kabisa, hata kama mvuke wa eabrashi ni mdogo. Iwe isiyotoa cheche au mota ikae nje ya njia ya hewa.

Kupima nimetumia kijiti cha udi, kabla thina haijafunguliwa na chupa zote ziko mbali. Moshi ukisogezwa pembe zote nne za mdomo uingie moja kwa moja, ukizubaa au ukigeuka kuna kona haivuti.

Filta ya kawaida inakamata chembe za rangi, mvuke unapita tu, na hata rangi za maji zina chembe na kemikali ambazo sio za kuvuta. Kwahiyo barakoa yenye katriji za mvuke bado naivaa, ile ya vumbi peke yake haizuii mvuke, na feni naiacha iendelee nikishamaliza kwa sababu rangi inayokauka bado inatoa mvuke.

Vanishi za sehemu mbili (za kuchanganya na kigandishio) zenye isosaianati, kemikali inayodhuru mapafu, hizo hapana, hata na bomba hili jipya. Zinahitaji hewa safi inayoletwa kwa mpira mpaka kwenye barakoa, na chumbani kwangu hazitaingia.