Jinsi Nilivyopunguza Radoni katika Chumba cha Chini

Chumba ambamo binti yangu hujisomea, hapa Nairobi, kimechimbwa nusu ndani ya mteremko, na madirisha yake hufungwa usiku kucha katika baridi ya Julai. Nilikuwa nimesoma kwamba radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokana na kuoza kwa urani, metali yenye mionzi iliyomo kwenye miamba na udongo, huweza kujikusanya katika vyumba vya namna hiyo na kuleta saratani ya mapafu, nikaagiza kipimo cha kidijitali. Siku ya kwanza kilionyesha bekereli 90 kwa kila mita ya ujazo ya hewa (bekereli ni kizio cha unururifu, yaani utoaji wa mionzi), siku ya tatu 310; nusura nimhamishe mtoto. Kwa kuwa viwango hivyo hupanda na kushuka kila mara, nilikiacha mahali pamoja kwa miezi 3, mbali na dirisha, na wastani ukawa bekereli 230 kwa kila mita ya ujazo, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza usizidi 100.

Kwanza fundi aliziba nyufa za sakafu na upenyo uliozunguka bomba la maji, lakini wastani ulishuka hadi 190 tu, jambo lililonivunja moyo. Kilichofaa ni kutoboa sakafu, kutumbukiza bomba la plastiki hadi kwenye kokoto, kulipandisha juu ya paa na kulifungia feni ndogo inayofyonza hewa ya chini ya sakafu mchana na usiku. (Fundi alidhani natengeneza choo.) Miezi 3 baadaye wastani ulikuwa 60. Feni huunguruma kidogo, na umeme ukikatika tunafungua madirisha.