Sinema bubu iliyoingia kwetu mtoto akiwa amelala

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa tulikuwa tunakaa chumba na sebule, Mbagala. Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kumlea mzazi, kwa hiyo chumbani wakalala wao watatu, mimi nikahamishiwa sebuleni na godoro langu. Kati yetu pazia tu. Mtoto alikuwa na usingizi wa paka: kijiko kikigusa sufuria, kashaamka. Televisheni ikapigwa marufuku kuanzia saa mbili usiku. Nikajaribu hedifoni kwenye kompyuta yangu niliyoinunua mkononi kwa mtu. Usiku wa pili mke wangu akaniita mara tatu nilete maji ya moto, sikusikia. Mara ya nne aliyekuja ni mama mkwe mwenyewe, kajifunga kanga, kanikuta nacheka peke yangu gizani kama mwehu. Habari ya hedifoni ikaishia hapo.

Nikabaki na picha bila sauti. Nilianza kwa kuangalia filamu za kawaida nikiwa nimezima sauti, nikidhani nitazoea. Hakuna kitu. Mtu kakaa kwenye kochi anachezesha midomo, mwenzake naye anachezesha yake, dakika kumi zimepita. Ndipo nilipogundua kwamba filamu nyingi nilizokuwa nazipenda ni redio iliyowekewa picha. Hata vichekesho vya kwetu vinakaa zaidi ulimini. Mzimie sauti marehemu Mzee Majuto, bado utacheka kidogo kwa sababu ya uso wake, lakini zaidi ya nusu ya utamu umeitupa.

Nikakumbuka sinema bubu, zile filamu za zamani zilizotengenezwa bila sauti, na Charlie Chaplin wake. Nani asiyemjua? Kofia, fimbo, viatu vimegeukia nje. Watu wanamwigiza ambao hawajawahi kuona filamu yake hata moja. Nikasubiri bando la usiku, nikapakua kadhaa bila kulipa kitu, maana nyingi za zama hizo ulinzi wa haki zake umeshaisha. Nikachukua zile za mwaka 1914, mwaka alioanza kuigiza filamu, kwa hesabu yangu kwamba mambo huanzia mwanzo.

Nikakosea. Picha zimechakaa, watu wanakimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji, wanapigana mateke bustanini, basi. Siku tatu nilijilazimisha. Sikucheka. Nikaanza kusema moyoni kwamba wazee wetu walikuwa na shida ya burudani.

Kilichoniokoa kwanza ni jambo dogo la ufundi. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha anashika mpini na kuhesabu mizunguko yake. Wengine walipata picha 16 kwa sekunde, wengine 18, wengine zaidi. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikalazimisha kasi moja, picha 24 kwa sekunde, kwa sababu sauti haivumilii mwendo wa kuyumba. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa picha 18 uionyeshe kwa 24: hao ndio sisimizi wangu. Kwenye programu ya kuchezea video kuna mahali pa kupunguza kasi. Nikaweka 0.75 na ghafla wale watu wakapata uzito, wakawa na mifupa. Lakini usiipunguze kila filamu. Nakala zilizokarabatiwa vizuri huwa zimesharekebishwa, na wachekeshaji wenyewe walikuwa wakizungusha polepole makusudi kwenye matukio ya mbio ili yaonekane ya kasi. Mimi naangalia mtu anavyotembea au maji yanavyomwagika. Yakimwagika kama maji, naacha.

Cha pili kilichoniokoa ni kumwacha Chaplin kwanza nikaenda kwa Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa sinema bubu huko Marekani.

Nilianza na *One Week* ya mwaka 1920, filamu ya dakika kama ishirini hivi. Bwana na bibi harusi wanapewa zawadi ya nyumba, ila nyumba yenyewe imo ndani ya makasha: unafuata namba zilizoandikwa na kuunganisha. Jamaa aliyekataliwa na bibi harusi anakuja kwa siri na kubadilisha namba. Keaton anajenga kwa utiifu mkubwa, maelekezo mkononi, na kinachosimama ni jengo lenye mlango unaofungukia hewani na kuta zilizogombana. Ijumaa wanakaribisha wageni, dhoruba inakuja, nyumba inaanza kuzunguka kama pia huku wageni wanarushwa nje mmoja mmoja. Na yeye hacheki. Uso mkavu, macho makubwa, anafikiri. Alikulia jukwaani na wazazi wake, wakimrusharusha tangu mdogo, akajifunza mapema kwamba watazamaji hucheka zaidi yeye anapokuwa hacheki.

Usiku huo nilikuwa nimefika hapo kwenye kuzunguka. Mama mkwe akatoka kuchemsha maji ya uji. Nikataka kufunika kompyuta.

"Iache, baba."

Alisimama kwa muda, kisha akavuta kigoda akakaa karibu na mlango, mbali nami, uso kaugeuza upande kama heshima ya ukwe inavyotaka, jicho moja kwenye kioo. Kwenye filamu zile maandishi hutokea kati ya picha, nayo ni ya Kiingereza. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, ambako filamu za Kichina zilikuja na mtafsiri anayepiga maneno juu yake, mengine kayatunga mwenyewe. (Japani enzi za sinema bubu walikuwa na watu wa kazi hiyohiyo, benshi, wamesimama pembeni ya pazia wakisimulia, na wengine walipata jina kuliko waigizaji. Sisi hatukuanzisha kitu kigeni.) Basi nikaanza kumtafsiria mama kwa kunong'ona: hapa mume anasema, hapa mke anajibu.

"Nyamaza, naona."

Nikanyamaza. Asubuhi baada ya dhoruba, nyumba imepindapinda, anakuja mtu na kuwaambia kiwanja si chao. Namba ilisomwa kichwa chini miguu juu, 66 na 99. Kiwanja chao kiko ng'ambo ya reli.

Kiwanja si chao! Hapo mama akaingiza pindo la kanga mdomoni. Marehemu baba mkwe alijenga mpaka usawa wa lenta kabla hajatokea bwana mmoja na makaratasi yake, na kesi ikala miaka mingi kuliko ile nyumba. Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa mke wangu, kwa kunong'onezwa, kama kidonda cha ukoo. Sasa namwona mwenye kidonda anatetemeka mabega kwa kicheko asichotaka kitoke. Mimi nikauma mto. Kicheko kinachozuiwa kinavimba, na mbele ya mkwe kinavimba maradufu.

Wanaifunga nyumba kwenye gari, wanaikokota. Inakwama juu ya reli. Treni inakuja. Wanasukuma, wanakata tamaa, wanaziba macho, na treni inapita salama kwenye njia ya pembeni.

"Alhamdulillahi," mama akasema, kwa sauti kabisa.

Kisha treni nyingine ikatokea upande wa pili ikaisaga nyumba yote. Mama akapiga paja. Mtoto akaamka. Mke wangu akafungua pazia akatukuta, mama yake na mumewe, wote tunafuta machozi.

Tangu siku hiyo ikawa ada. Ikifika saa nne hivi, mtoto kanyonya kalala, nasikia kutoka chumbani: "Yule Mkavu yupo leo?" Keaton akapata jina la Kiswahili.

Mkavu ndiye aliyenifundisha kuangalia. Ni kwamba kamera yake inasimama mbali, inamchukua mwili mzima pamoja na kile kitu kinachotaka kumuua, na haikatikati ovyo. Kwenye *Steamboat Bill, Jr.* ya 1928 ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, na anapona kwa sababu amesimama mahali ambapo dirisha dogo la juu litapita. Ukuta ni wa kweli, na nafasi aliyobakiwa nayo pande zote ilikuwa ya inchi chache tu. Nilimrudishia mama mara nne. Mara ya tatu hakuwa anacheka tena. Alikuwa anakitazama kidirisha na kupima. Kwenye *Sherlock Jr.* ya 1924 maji ya tangi la reli yalimwangusha shingo ikagonga reli. Akaumwa kichwa, akaendelea na kazi, na miaka baadaye daktari akiangalia picha ya eksirei akamwambia shingo iliwahi kuvunjika.

Kwa *The General* ya 1926 tulitofautiana. Kwa ufundi sijaona mfano wake: kichwa cha treni cha kweli, darajani, moto, kinazama mtoni huko Oregon, na walikuwa na nafasi moja tu ya kuipiga picha ile. Lakini shujaa wake yuko upande wa majimbo ya Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliokuwa unapigania utumwa ubaki, na filamu inakwenda kana kwamba hilo ni suala la rangi ya sare. Mimi lilinikaa kooni. Mama alisema yeye anaangalia treni. Na kuna filamu zake nyingine, *Seven Chances* na *College*, zenye wazungu waliojipaka weusi usoni kutafuta kicheko. Hizo vipande hivyo navipita, na sioni haya kusema hapo hazijadumu, zimeoza.

Harold Lloyd, mchekeshaji wa tatu wa zama hizo, mama alimkataa kabisa. Kwenye *Safety Last!* ya 1923 anapanda ukuta wa jengo refu, kila ghorofa na balaa lake, mpaka ananing'inia kwenye mshale wa saa. "Mshushe huyo," mama akawa anasema, "mshushe, ana mama yake." Nikamweleza kwamba walijenga kuta za bandia juu ya mapaa ya majengo ya kweli ili barabara ionekane kule chini, na hakuwa juu kiasi kile kinachoonekana. Haikusaidia. Nikaharibu zaidi kwa kumwambia kwamba mwaka 1919 bomu alilodhani la kuigizia lilimkata kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, kwa hiyo pale kwenye saa anashikilia kwa mkono wenye glavu ya kuficha vidole visivyokuwepo. Mama akainuka akaenda kulala.

Na Chaplin? Tulimrudia mwisho, na safari hii nikaruka miaka ya mwanzo nikaenda *The Kid* ya 1921. Mzururaji anaokota mtoto mchanga na hajui la kufanya naye. Anakata vitambaa vya nepi. Anatundika birika kwa kamba, kaliwekea chuchu mdomoni, mtoto ananyonya akiwa kwenye machela yake. Anatoboa kiti kiwe choo cha mtoto. Mama mkwe, aliyekwisha kulea wajukuu sita, alivuta kigoda mbele kwa mara ya kwanza na kukagua kazi ile kama mkunga mkuu. Birika akalipitisha. Kiti akakisifu. "Huyu amelea," akasema. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1919, muda mfupi kabla ya kuanza filamu hiyo, Chaplin alipata mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu tu. Sikumwambia. Wetu alikuwa hajatimiza arobaini.

Nimejaribu kuwaonyesha marafiki mchana, kwa sauti ya kinanda na kila kitu, haikwenda vizuri. Wanashika simu mkononi, wanainua macho baada ya dakika mbili wanauliza kimetokea nini. Filamu ya maneno unaweza kuisikiliza huku unachati. Hii ukiangalia pembeni, ukuta umeshaanguka. Siku hizi mtu akiniomba namwambia aje usiku, na nampa fupi tu, ya dakika ishirini. Ndefu hazifai kwa mgeni.

Mama alirudi Korogwe mtoto alipofikisha miezi mitatu. Wiki mbili baadaye akapiga simu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza mtoto, akauliza mke, akauliza kazi, akanyamaza kidogo.

"Sasa yule Mkavu, alipata kiwanja kingine?"

Filamu inaishia pale anapobandika kibao cha kuuza kwenye mabaki ya nyumba, anaweka na yale maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono wanaondoka.

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado wanatafuta."

"Waambie waanzie serikali ya mtaa," akasema, salio likakata.